Chuma Kilichooza Mguuni Mwangu

Nilivunjika muundi nikipanda kutoka mtoni na mzigo wa kuni mgongoni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulipokuwa tunakaa Giakanja. Hospitalini walinipasua, wakaunganisha mfupa kwa kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu. Niliambiwa chuma kingekaa humo bila kunisumbua. Nikarudi nyumbani, nikatembea, nikazaa tena, nikachuma kahawa kama wenzangu.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa baridi mguu ukaanza kuuma. Kovu likavimba, na siku moja nikiwa nakanyaga cherehani, likapasuka. Nilidhani ni usaha. Usaha naujua, nimelea watoto wenye majipu. Lakini yaliyotoka yalikuwa maji meusi, yenye harufu ya sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho, imechanganyika na nyama iliyoharibika. Vitambaa nilivifua mwenyewe nyuma ya nyumba, pua nimeikunja, na ule weusi haukutoka hata kwa sabuni. Kitandani nikahamia upande wa ukutani ili mume wangu asiuguse mguu ule. Hata mimi sikutaka kuugusa.

Jioni moja tukiwa jikoni, mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Maitu, alisogeza kigoda chake mbali na changu.

"Maitu, nanuka?" nikamwuliza.

"Unanuka," akasema bila kuzunguka. "Kesho uende hospitali."

Mume wangu akanipeleka Nyeri mjini. Daktari wa huko alinidunga sindano ya mgongo, kwa hiyo miguu ilikufa ganzi lakini nilikuwa macho. Alipopasua kovu nikamsikia akiguna, nikamwambia nataka kuona.

"Mama, hutapenda."

"Ni mguu wangu, daktari."

Muuguzi akaniinua kichwa. Nyama iliyozunguka chuma ilikuwa nyeusi kama masizi, na ilikuwa inateleza. Daktari aliikwangua, ikatoka vipande vipande. Kisha akang'oa chuma chenyewe, akakiweka kwenye bakuli. Katikati kilikuwa bado kinang'aa, lakini kwenye matundu ya skrubu kilikuwa kimelika, na uchafu wa kahawia umegandamana hapo.

"Hizi skrubu si za chuma hiki," akasema. "Vyuma vya aina mbili vikigusana ndani ya mwili, kwa ule unyevu wa chumvi, kimoja huliwa. Unga wake ndio umeingia kwenye nyama."

"Sasa mbona waliziweka?"

"Pengine zilizofaa ziliisha, wakatumia zilizokuwepo."

"Ati zilizokuwepo?"

Akarudi kukwangua. Nikamwuliza kama unga huo uliingia kwenye maziwa niliyonyonyesha. Akasema kadiri anavyojua yeye, ulibaki pale pale mguuni. Nilitapika kando ya kitanda. Damu haikunisumbua. Kilichonichafua roho ni kwamba mtu alinifungia mwilini chochote alichookota kwenye droo, akanawa mikono, akaenda kunywa chai.

Mume wangu aliomba apewe kile chuma. Akakisugua kwa majivu, akakiweka kabatini kati ya vikombe. Kila mgeni alionyeshwa. Binamu yake wa Chaka alikinusa. Jumapili moja mzee wa kanisa alikigeuza geuza, akashangaa, akakiweka mezani, kisha kwa mkono ule ule akachukua kiazi kitamu kwenye sahani, akala. Nilinyanyuka na magongo yangu, nikakichukua mezani, nikaenda kukitupa chooni, shimoni kabisa.

"Lakini hicho ni changu!" mume wangu akalalamika niliporudi.

"Kilikuwa mguuni mwako?"

Chai ikaendelea.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Mfupa ulikuwa umeshashika vizuri, kwa hiyo leo natembea bila kuchechemea, na mteremko wa mtoni nashuka mwenyewe. Ila ngozi ya muundi imebaki na weusi kwa ndani, kama wino uliomwagika. Watoto huniambia nimeshazoea. Sijazoea. Nikijipaka mafuta asubuhi, naanzia gotini, pale penye weusi naparuka, namalizia kwenye kifundo.