Mgiriki wa Kuruka Chini

Mwenyekiti wa klabu yetu ya riadha ni Mgiriki, na zamani aliruka chini kwa niaba ya nchi yake. Najua, kwa sababu amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyosali. Ofisini kwake hapa Jakobsberg, Sweden, ametundika picha yake akiwa hewani, miguu mbele, nywele nyuma. Picha haionyeshi alipotua. Mimi nimepaona: alitua kitini. Goti lilipomharibikia akawa kocha, halafu katibu, halafu mwenyekiti, na kila cheo kilimwongezea kitambi na maneno. Hadi leo anavaa saa ya kupimia mbio shingoni. Sijamwona akimpima mtu.

Binti yangu naye anaruka chini. Ana miaka kumi na sita na anawania nafasi kwenye timu ya mkoa. Shimo la mchanga la ndani tulikuwa nalo saa moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi, na wakati wa baridi hakuna pengine pa kuruka. Saa ile ikiondoka, na timu imeondoka.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Mgiriki akapendekeza saa hiyo wapewe wanachama wa heshima, yaani wazee wenzake, ambao huja kunywa kahawa kando ya shimo na kuruka kwa midomo. Sikushtuka, fununu nilikuwa nazo. Jikoni kwangu nilikuwa nimemsema wiki nzima, na kuapa kwamba siku ya mkutano atanitambua.

Mikutano ya hapa ina utaratibu wake. Mwenyekiti anauliza kama wote wamekubali, na wanaokubali wanaitika "ja". Anayepinga anasema "nej" hapo hapo, kura zinapigwa. Asiposikika mtu, nyundo inagonga meza na neno limekwisha.

Akauliza. Wazee wakaitika. Sisi wazazi, nusu nzima ya ukumbi, tukatazama viatu vyetu, na mimi msemaji mkubwa wa jikoni ulimi ukaniganda. Binti yangu akavuta pumzi, akafungua kinywa. Nikamfinya paja. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, jinsi mama alivyokuwa akinifinya mimi mbele ya wageni. Mtu mwenye mvi akiongea, mtoto haropoki, hata kama mwenye mvi ni mtu ninayemdharau.

Nyundo ikagonga. Mgiriki akatushukuru kwa umoja wetu.

Kwenye treni ulimi ukanirudia. Nikamchambua upya: mtu gani yule, hana hata haya, anamnyang'anya mtoto shimo la mchanga ili apate pa kuwekea kikombe. Binti yangu alikuwa dirishani akisugua paja. Siku zote hunijibu kwa Kiswidi. Safari hii alisema kwa Kiswahili, taratibu, nisije nikakosa neno.

"Mama, yeye hakunifinya."