Bisibisi na Lori Lililogoma

Mtaani wanamwita Bisibisi, wala hakasiriki. Ni mke wa mwanangu, fundi wa kompyuta, na karakana yake ni chumba chetu cha mbele. Kupika anabahatisha, simsingizii. Lakini mtu akileta mashine yake, huambiwa ukweli kabla hajaketi: itapona, au kazike.

Mzee wangu aliendesha malori ya saruji tangu hatujaoana, mpaka mgongo ukamshusha. Alinuna mwaka mzima. Mwanangu akamnunulia mchezo wa kompyuta wa kuendesha lori, na usukani wa plastiki. Mtu mzima akawa anaamka, ananyoa ndevu, anaingia kazini pale mezani. Sikumcheka. Alikuwa anakula tena.

Kisha mwanangu akapata kazi melini, simu haipatikani. Kompyuta ya mzee ikaungua, mkwe akaifufua. Lakini mchezo ule ulinunuliwa duka la mtandaoni, na duka lenyewe lina programu yake inayokaa humo ndani ya kompyuta. Programu ikadai namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mwanangu. Mzee akarudi kitandani, uso ukutani. Sahani ikarudi jikoni ilivyotoka.

Jirani yetu fundi simu akaja na flashi. "Shemeji, mchezo huohuo ninao, umeshavunjwa kufuli."

"Kufuli gani?" mkwe akauliza. "Mchezo tumenunua. Duka ni mahali pa kuchukulia mzigo. Ukishafika nao nyumbani, muuzaji anakuhusu nini?"

"Bila duka hauwaki."

"Umejaribu?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu simjui. Nimekuuliza wewe."

Mkwe akamwambia mzee ajiandae, leo anaendesha. Akaanza na mchezo wake mwenyewe wa mpira, wa duka lilelile. Akanakili faili zake kwenye kompyuta isiyo na programu ya duka, akachomoa waya wa intaneti, akabofya. Ukawaka. Akamgeuzia jirani kioo aone mwenyewe.

Akafanya vilevile na faili za lori, zilizokuwa zimesalia kwenye kompyuta ya mzee. Kioo kikaandika: fungua duka kwanza. Akarudia. Jibu likawa lilelile, na mzee amesimama mlangoni, kidevu kinang'aa.

"Baba, nilikosea," mkwe akasema. "Nimekuahidi kabla sijajaribu. Wenye mpira hawakufunga, wenye lori wamefunga. Duka peke yake si kufuli, ila mwenye mchezo akitaka liwe kufuli, linakuwa."

"Mlango usiofunguka mpaka muuzaji apende," nikasema, "mimi naita kufuli."

"Sawa Mama, leo umeshinda nusu."

Katika nyumba hii neno "nilikosea" lilikuwa halijawahi kukanyaga. Na yeye kalisema mbele ya jirani, tena bila kuinamisha kichwa.

Jirani akanyoosha flashi. "Sasa je?"

"Baba amepita vizuizi vya barabarani maisha yake yote, karatasi zake mkononi. Mimi siye nitakayempakia mzigo wa wizi."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akarudi kulala. Hapo ndipo paliponiuma.

Mkwe akaacha kazi za watu, akapekua mtandaoni mchana kutwa. Akapata duka jingine: ukinunua unapewa faili zako, unazihifadhi, hakuna bawabu. Mchezo wa malori hawakuwa nao, wa basi la abiria walikuwa nao. Safari hii alinunua, akanakili, akachomoa waya, akauwasha mwenyewe, ndipo akaenda chumbani kumwita.

"Basi la abiria?" mzee akafoka. "Mimi mtu wa saruji. Saruji hailalamiki."

"Hata hawa hawalalamiki, Baba. Njoo uone."

Akaja kwa kukokota miguu. Akagusa usukani, akalaumu breki, akalaumu barabara, akaondoka kituoni. Nilipopeleka chakula nikasimama ubavuni mwake kuchungulia.

"Wewe mama," akasema bila kugeuka, "unazuia abiria. Unapanda au unabaki?"

Nikavuta kiti.