Mtani Kizingitini pa Nyumba ya Makaburi

Mimi ni Mnyamwezi, na aliyekufa alikuwa Mzaramo. Kwa anayejua, hapo nimeshamaliza. Kwa asiyejua, watani hawa hawazikani kimya. Mtani huziba njia ya jeneza, humtukana marehemu, humwiga alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wammwagie maji au wampake unga usoni, na walioshindwa kula tangu jana wacheke. Ndipo maiti hupita.

Tulikuwa Watanzania wachache Stockholm mwanzoni mwa miaka ya sabini, tuliokuja kusomea ufundi tukabaki. Yeye alifanya kazi kiwandani Jordbro, mimi nilikaa Upplands Väsby, jiji zima likiwa katikati yetu, na bado kila Jumapili alinipigia simu anitukane tu. "Mpagazi wewe, umeamka?" Mapafu yakamwua kabla ya baridi kwisha.

Alikuwa akiimba kwaya katika usharika mdogo wa Kilutheri, na usharika ukampa nafasi katika nyumba yao ya makaburi. Ilikuwa ndani ya makaburi ya jiji, nyumba ya mawe yenye mlango mmoja, bila madirisha, kuta zake zimegawanywa vijumba vya kusukumia jeneza na kuziba kwa jiwe. Tukisubiri nje kwenye theluji, bibi mmoja mzee wa usharika alinisimulia historia yake. Walioijenga zamani walikuwa watumishi wa majumbani na vibarua wa viwandani waliotoka mashamba, wasio na ndugu mjini. Waliogopa kulazwa kati ya watu wasiowajua, wakachanga, wakajenga nyumba ya wote. Mama yake alikuwa humo, safu ya chini.

"Hapa hazikwi mtu peke yake," aliniambia kwa Kiswidi. "Ndiyo sheria yetu."

Maneno yale yalinitia kichaa. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni watu wangu, watanielewa! Jeneza lilipokaribia nikajitupa kizingitini, chali, na koti langu zuri.

"Haingii mtu!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. "Babu zangu walibeba mizigo toka bara mpaka pwani, na leo Mzaramo mfu naye anataka kubebwa! Amka, mvivu wewe! Shuka utembee!" Nikamwiga alivyokuwa akikohoa kabla ya kuimba.

Lo! Hakucheka mtu! Wabeba jeneza walisimama wakitazama viatu vyao. Nikamtazama mjane, shemeji yangu. Kwa mkono mmoja alimshika binti yao, mwingine ulikuwa mfukoni mwa koti. Nilimngoja anitukane, anipige teke, afanye lolote lile. Akainamisha kichwa.

Wanaume wawili wakaniinua kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. Laiti wangenizaba makofi! Mmoja alinipangusa theluji mgongoni, mwingine akaniambia polepole, kana kwamba anaongea na mlevi, kuwa huzuni inaeleweka. Yule bibi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Wakaniketisha kwenye benchi, mbali, wakanipa kikombe cha kahawa, na huko ndiko nilikosikia jiwe likisukumwa mahali pake. Hata kumuaga sikumuaga.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Yangu mimi niliye hai, usharika mzima uliijua. Siku ya arobaini sikwenda. Nikimwona Mtanzania mbele yangu, navuka barabara. Nilijiona mshamba, niliyemfanya rafiki yangu kichekesho mbele ya wenyeji, tena kichekesho kisichochekesha. Jumapili nilikaa karibu na simu, kwa mazoea tu.

Miaka ikapita, treni ya chini ya ardhi ikafika Hallonbergen, na huko stesheni nikakumbana na shemeji uso kwa uso. Hapakuwa na pa kuvukia.

"Mtani, unanikimbia?"

"Shemeji, nilikuaibisha. Nisamehe."

"Uliniaibisha nini? Mimi nilikuja na unga."

"Unga gani?"

"Wa mahindi, mama mkwe alinitumia kutoka nyumbani. Nilijua utaziba mlango, utaachaje? Niliufunga kwenye karatasi nikautia mfukoni, nije nikupake. Nilikuwa nimeushika, mtani! Nikawaona wale watu, nikaona haya, nikasema ngoja kwanza watazame pembeni. Wakakunyanyua. Na wewe mtu mzima ukanyanyuka! Mtani gani anaondoka hajapakwa unga?"

Nikamwuliza, ule unga aliufanyia nini.

"Nilimpikia mtoto uji tuliporudi," akasema. "Akanywa wote. Kisha akaniuliza kwa Kiswidi mbona hatukucheka. Baba angecheka, akaniambia."