Mchota Vitana wa Anzali

Shemeji yangu Golagha ndiye mvuvi pekee ninayemjua aliyelipwa mshahara kuvua kitu alichokichukia kuliko vyote duniani, na akakivua kwa upawa wa jikoni.

Alipomwoa dada yangu Mahsoltan tulinunua boti, yeye nusu na mimi nusu. Ilikuwa boti ya kilka. Kilka ni dagaa wetu: usiku unashusha taa chini ya maji, wanaikimbilia, unainua wavu. Kwa watu wa Anzali, mji wetu wa bandari, samaki ni samaki mweupe wa kumwekea mgeni juu ya wali. Kilka walipelekwa kiwandani, wakasagwa, wakaliwa na kuku. Sokoni walikuwa wakitutania, "Haya, walisha kuku wamefika," na Golagha anawajibu taratibu, "Nyinyi mayai mnayakula, siyo?" Sikuwa na subira yake. Mimi niligombana na nusu ya soko lile, na hao kuku wao walitujengea nyumba mbili.

Halafu vikaja vitana. Jina tulilipa sisi wenyewe, kwa sababu ya zile safu nane za vinyweleo ubavuni, zimepangana mithili ya meno ya kitana. Ni yavuyavu tu, dude la ute, kubwa zaidi halizidi kiganja. Halina sumu, haliumi, halina hata sura ya kulichukia vizuri. Lilikuja kwenye tumbo la meli. Meli isiyo na mzigo hunywa maji ili isiyumbe, na ikifika inakopakia inayatapika. Basi ikanywa kwenye Bahari Nyeusi, ikapita mifereji ya Warusi, ikatapika kwetu. Bahari yetu haina mlango wa kutokea. Kinachoingia kinabaki.

Mwaka wa kwanza tulicheka. Wavu ulipanda mzito, winchi ikalia, tukapeana mikono, kumbe ni ute mtupu unaochuruzika kwenye sitaha. Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka. Vitana vilikuwa vinakula vijidudu vile vile wanavyokula kilka, tena vinakula na mayai ya kilka wenyewe. Sili, ambao chakula chao ni kilka, walianza kuletwa ufukweni na mawimbi, mbavu nje. Boti zikafungwa gatini. Vijana wakaenda kusini kwenye mitambo ya gesi, na waliobaki wakawa wanakunywa chai mchana kutwa wakitazama maji. Nilikuwa miongoni mwao, na nakwambia hakuna kazi inayochosha kama hiyo.

Ndipo kituo cha utafiti kilipoleta pochi. Hao walitoka bahari ya Waturuki, nao ni yavuyavu vile vile, lakini wakubwa kidogo, wana wekundu wa mbali, na mdomo wao unafunguka wote kama pochi ya mwanamke. Hawali kingine. Wanakula vitana tu. Waliwekwa kwenye matangi ya vioo wajaribiwe: wataweza maji yetu, watazaa, watakula kitu gani kingine? Yakionekana mema, wataachiwa baharini. Daktari wao, binti mmoja wa mji wa jirani, Rasht, anaitwa Taraneh, akawa anatafuta mtu wa kumletea vitana vizima kila siku, maana ukivivua kwa wavu vinakatika vipande na pochi hawavitaki.

Golagha akaenda. Alichukua upawa mkubwa wa dada yangu, akaingia majini hadi kifuani, akawa anachota kitana kimoja kimoja, anakimimina kwenye ndoo polepole, utadhani anamwogesha mtoto.

"Shemeji," nikamwambia kutoka ufukweni, "umevibembeleza sana. Viimbie basi."

"Njoo uviimbie wewe mwenye sauti," akasema, bila kugeuka.

Nyumbani dada yangu alikuwa na yake. "Upawa wangu nilioletewa na mama siku ya harusi unachotea makamasi ya bahari," alimwambia mbele yangu, akiweka sinia la chai. "Na akirudi hapa hasemi habari za watoto. Ni pochi kala, pochi hajala, pochi kanuna."

"Pochi hanuni, mama," akasema Golagha. "Hana uso."

"Basi ana bahati, maana wewe unao na ndio umenuna nao."

Lakini kweli mtu yule alibadilika. Kwa muda mrefu alikuwa amekaa kama mtu aliyefiwa, na sasa alikuwa na kitu cha kusimulia. Pochi mmoja alimeza kitana kikubwa karibu sawa na yeye. Alikionyesha kwa mikono, akamwaga chai. Kikubwa ni hiki: ofisi ya uvuvi ilikuwa inanunua boti za kilka ili zivunjwe, boti zipungue. Ukikubali kabla ya Nowruz, mwaka wetu mpya wa machipuko, unapata chochote cha kuanzia maisha. Ukikataa, unabaki na boti yako na bahari yako tupu. Yetu ilihitaji saini mbili. Golagha alisema, "Tusubiri pochi." Nami, kwa jinsi alivyokuwa akiongea, nikasubiri. Nisidanganye, niliwaamini wale wadudu kuliko nilivyowahi kumwamini mtu.

Shida ni kwamba bahari ile ina mataifa matano pembeni yake, na huwezi kuachia mnyama mgeni mpaka yote matano yakubali. Walikutana vuli, wakaahirisha. Wakakutana tena, wakaahirisha tena. Wakati huo baridi ikaingia, na vitana kwenye baridi vinapukutika. Golagha alikuwa anashinda majini na midomo imekuwa ya buluu, anarudi na vitatu, anarudi na kimoja, mwishowe anarudi na upawa mtupu. Pochi wakaanza kunywea. Anasema walikuwa wanapungua kimo, wanajila wenyewe.

Jioni moja ya baridi hiyo alikuja kwangu, akakaa mlangoni bila kuvua koti.

"Taraneh ameambiwa awatie kwenye dawa ya kuhifadhi," akasema. "Jumamosi. Wanakwenda chupani kama achari. Ruhusa labda mwakani."

"Mwakani boti yetu itakuwa misumari."

"Najua."

"Shemeji, ufunguo wa chumba cha matangi anao nani?"

Akagusa kola ya koti. Alikuwa nao yeye, kwenye uzi shingoni. Nikamwambia yale ambayo kila mmoja gatini angemwambia: ndoo moja, boti, mwendo wa saa moja mpaka kwenye maji ya kina, mfuniko wazi, basi. Wakifa, walikuwa wanakufa vyovyote. Wakiishi, tumepata bahari yetu. Akaimaliza chai yake, kisha akasema, "Kesho asubuhi. Weka mafuta."

Asubuhi alikuja na ndoo ameifunika kwa shuka la kitandani. Injini iliwaka mara ya kwanza ijapokuwa ilikuwa imelala tangu kiangazi, nami nikalichukulia hilo kuwa dalili njema. Kulikuwa na ukungu mwepesi, bahari imetulia. Nilikuwa na furaha, na niliisema. Nilimwambia tukipata msimu mmoja tu mzuri nitaipaka boti rangi mpya na nitamnunulia Mahsoltan upawa wa fedha. Golagha alikuwa ameketi sitahani, ndoo katikati ya magoti, anachungulia ndani.

Nilizima injini kwenye kina. "Haya," nikasema.

Akafunua. Akatia mkono majini, akaangalia pochi wakigusa vidole vyake. Kisha akafunika tena.

"Nosrat," akasema, "wewe ukienda kuhiji, unafanya nini kwanza?"

"Nakwenda kuhiji leo? Mwaga ndoo."

"Unazunguka mtaa. Unagonga kila mlango unaomba radhi. Hata kwa yule muuza mchele mliyepigana naye."

"Golagha, baridi."

"Haki ya Mungu, Mungu anasamehe mwenyewe. Haki ya watu hasamehi mpaka wenyewe wasamehe. Hii ndoo nikiimwaga na ikaharibika, nitamgongea nani? Mrusi ana mlango wake, Mkazakhi wake, Mturkmeni wake, kule Baku wana wao. Watu siwajui hata majina. Nikifa nao wananidai."

"Watakushukuru. Wana njaa kama sisi."

"Labda."

"Wanakula vitana tu! Wewe mwenyewe umesema."

"Kwenye tangi, ambako sikuwapa kitu kingine." Aliongea polepole, sauti imechoka. "Yule wa meli naye hakuwa mtu mbaya, Nosrat. Alifungua bomba la maji yake, akaenda kula."

"Yule hakujua. Sisi tunajua."

"Tunajua nini? Mimi najua kuchota kwa upawa."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo siyaandiki, yeye na kaburi la baba yake, na nikaushika mkono wa ndoo. Hakuvuta. Aliiachia kabisa, akaweka mikono yake magotini.

"Mwaga basi," akasema. "Boti ni nusu yako. Mimi sitakuzuia na sitakusema."

Nikasimama nayo pembeni ya boti. Ilikuwa nzito, maji yanachezacheza, na wale viumbe hata hawakuonekana vizuri, mng'ao tu wa wekundu. Nilitaka anizuie. Laiti angenishika mkono, ningemsukuma na kumwaga, na leo ningekuwa na maneno mengine. Hakunishika. Nilisimama mpaka mikono ikauma, kisha nikaiweka chini, nikawasha injini, na sikumtazama njia nzima.

Dada yangu alikuwa amesimama gatini na kitambaa cha kichwa kimelowa ukungu. "Mmewaachia?"

"Muulize mume wako mtakatifu," nikasema.

Alimtazama mumewe, akaitazama ndoo. Golagha akaibeba ndoo kuirudisha kituoni. Mchana alitupakulia wali na biringanya za kitunguu saumu, tukala, tukanawa mikono.

Jumamosi pochi waliingia chupani. Golagha ndiye aliyewatoa tangini, kwa upawa, na Taraneh alilia waziwazi mbele ya mkuu wake. Kabla ya Nowruz tulitia saini zote mbili. Boti iliburutwa nchi kavu, ikaja mashine yenye kucha ya chuma ikaivunja, na kwa kuwa mbao zilikuwa nzuri watu walikuja na mikokoteni wakachukua za kuwashia. Mimi nikaenda kuuza samaki wa mabwawani Rasht. Yeye akafuga bata na kulinda bohari ya mchele ya watu. Kwa miaka mingi tulikula kwenye kitambaa kimoja cha chakula kila Ijumaa na sikumsemesha. Nilipitisha maneno kwa dada: "Mwambie mumeo asogeze chumvi." Naye Golagha alisogeza chumvi kabla dada hajafungua mdomo. Mahsoltan alikuwa akituambia, "Mkinizika ndio mtaongea," na ikawa hivyo, kwa sababu siku ya matanga hapakuwa na wa kumpitishia neno. Nilimwambia Golagha, "Kula kidogo," akala.

Kilka hawakurudi kama zamani. Wanapatikana, lakini boti zilizobaki unaweza kuzitaja kwa majina. Watoto wa watoto wetu hawajui kwamba wanaume wa mtaa huu waliwahi kushinda wamesinzia mchana kwa sababu ya kazi.

Vuli iliyopita Golagha alinipigia simu, jambo asilolifanya. "Njoo ufukweni," akasema, "karibu na ukuta wa kuzuia mawimbi. Vaa viatu vya mpira."

Nilimkuta amechutama kwenye maji ya vifundoni, fimbo ameichomeka mchangani. Magoti yake siku hizi hayamruhusu kuchutama, kwa hiyo nikajua ni jambo. Viganja vyake vilikuwa vimekingwa majini, na ndani yake palikuwa na kitu kikubwa cha ute, chenye wekundu wa mbali.

Nilimtambua mara moja. Hata ningekuwa kipofu ningemtambua.

"Nani kawaleta?" nikauliza.

"Meli," akasema. "Nani tena. Vijana wanasema wamewaona na huko kaskazini, wengi. Hakuna aliyeulizwa."

Tulimwangalia. Tumboni mwake, kwa vile ngozi ni angavu, kilionekana kitana kizima, safu zake za vinyweleo bado zinatetemeka. Alikuwa anakula. Alikuwa anakula vizuri kabisa, kwenye maji yetu wenyewe, huku mimi na Golagha tumezeeka, na boti yetu ilishapikia watu wali zamani.

Miaka yote ile nilikuwa na maneno niliyoyatunza kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilikuwa nayapanga usiku, nayanoa. Nikafungua mdomo nikaona mikono yake ilivyogeuka buluu kwa baridi, na bado hataki kuitoa, nikayaacha.

"Ile injini ya boti yetu," akasema Golagha, "ilikuwa bado nzima."

"Ilikuwa nzima, shemeji," nikasema.