Chuo Juu ya Duka la Vitambaa

Ijumaa moja ya mwezi wa Rajabu uliopita tulimzika Chacha mjini Jeddah, tulikohamia kikazi. Chacha kwa Wabangladeshi ni ami, ndugu wa baba, na sote tuliofanya naye kazi tulimwita hivyo. Bado sijazoea kwamba hayupo. Nikiwa nimesimama kaburini, mwanangu, ilinijia jioni moja ya ujana wangu, Riyadh.

Tulikuwa madereva wa maghala ya Sulay, tukilala chumba kimoja juu ya karakana. Chacha alipokuwa kijana, vyuo vikuu vya kwao vilikuwa vichache, tena mbali; mtoto wa mkulima alivisikia redioni tu. Sasa vilikuwa vikifunguliwa hadi wilayani, na kimoja kilifika mjini kwao. Binti yake Rashida akapata nafasi. Lakini chuo chenyewe kilikuwa kimepanga ghorofa juu ya duka la vitambaa, na kaka yake Chacha, aliyebaki na familia, alikwisha kumwita mchumba nyumbani aje kuposa. Kaka huyo alitaka jibu la Chacha jioni ile ile.

Chacha alipotueleza, chumba kizima kilicheka.

"Hapo mafi chuo, hakuna chuo, Chacha," nikasema. "Hilo ni duka!"

Akanitazama. "Wewe Mswahili unalala juu ya karakana. Kwa hiyo wewe ni tairi?"

Wenzangu wakashika mbavu, na jina la Tairi likanikaa miezi. Yeye akapiga simu kwao, kisha akatufasiria aliyoyasema: "Mgeni ale, anywe, aende zake. Binti anasoma. Halas, yamekwisha."

"Na kaka yako kasemaje?"

"Kauliza nani atamwoa akimaliza. Nimemwambia, atakayemtaka akamwulize mwenyewe."

Rashida alipofaulu mwaka wa kwanza, Chacha alitununulia vitamu vya maziwa kule Sulimaniyah. Nikanyoosha mkono, akaupiga kofi. "Fungua mdomo!" Kwao matokeo yakiwa mazuri, mwenye furaha humlisha mwenzake kwa mkono wake. Alitulisha hivyo kila mwaka. Chuo nacho kikahama dukani, kikapata majengo yake, maabara, bweni la wasichana. Alitusimulia kila ukuta kana kwamba ameujenga yeye.

Mimi sikusoma sana, mwanangu, lakini hili nimeliona kwa macho. Usidharau jambo jema kwa kuwa limeanzia mahali duni. Mtoto wa kike akitaka kusoma, usiwe wewe wa kumfungia mlango. Na ukiwa mbali kama sisi, jua kwamba neno lako bado linafika nyumbani. Basi limfungulie mtu njia. Mungu akupe watoto watakaokupita, na akupe moyo wa kuwafurahia.

Wiki moja baada ya maziko Rashida alinipigia simu ya video. Sasa anafundisha chuo kile kile.

"Ami, leo nimerudi darasani. Baba alisema nini mwishoni?"

"Hakusema kitu, binti yangu. Alilala, hakuamka. Siwezi kukutungia."

Akafuta macho. "Ahsante kwa kunambia kweli. Ngoja nikuonyeshe."

Akaigeuza simu. Ukumbi ulijaa hadi nyuma, wasichana wengi kuliko wavulana. Akawaambia maneno kwa lugha yao. Wakasimama wote, wakainua mikono, wakamwombea Chacha, na "Amin" yao ikajaa chumbani kwangu.