Ngao ya Haboba

Bibi yangu, ambaye sisi Wanubi humwita haboba, hakuwa mtu wa makumbusho. Kwake kitu cha zamani kilikuwa cha kufagiwa. Kwa hiyo asubuhi aliyoniambia twende Arua kuona "ile nyumba ya vyuma", nilijua kuna neno. Tulitoka Koboko kwa lori, juu ya magunia ya tumbaku, nikinung'unika njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na gauni langu lilikuwa jipya.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala moja nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa, upande wa Pajulu. Mtunzaji wake, Mkongo aliyekuwa fundi wa injini pale pale, alikuwa amekusanya kila alichoona kina maana. Upande mmoja palikuwa na mashine ya kuchambulia pamba, mikanda yake ya ngozi na mizani iliyoshikwa na kutu. Upande wa pili vilikuwa vitu vya wazee wetu waliopelekwa vitani Burma: kofia, viatu, chupa ya maji ya bati. Babu alipofariki, mjomba wangu alimpa mtunzaji huyo gunia zima la vitu vyake bila hata kumuuliza haboba. Sasa mjomba mwenyewe alikuwa askari, na tangu apelekwe kusini kwenye vita hatukupata hata salamu.

Haboba alipita vyote bila kutazama, akasimama mbele ya kitu cha mviringo kilichosukwa kwa rangi nyekundu na kijani, kikining'inia kwenye msumari. Chini yake kulikuwa na karatasi. Nikamsomea: Ngao ya Askari Mnubi.

Nilicheka mpaka nikashika mashine. Ilikuwa kawa! Kila nyumba ya Mnubi ilikuwa nazo tatu au nne, za kufunika sinia. Fundi yule alikuwa ameona zinavyotundikwa ukutani kwetu, akaamini ni ngao. Asiyejua maana haambiwi maana, nikasema kwa sauti. Haboba hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mama, mutu hagusi ile," fundi akasema. "Iko ngao ya vita."

"Iko ya chakula," haboba akajibu. "Mimi nilisuka. Bwana yangu alikuwa Burma, kila siku nilipika sehemu yake, nikafunika na hii. Miaka yote. Akarudi, akakuta chakula." Akavuta pumzi. "Sasa mtoto yangu iko vitani. Nimefunika na zingine, harudi."

Kicheko kilinikauka. Niliona haya, na bado ninayo. Jioni zote zile nilikuwa nikilalamika kwamba anapika sahani moja zaidi, na sahani yenyewe asubuhi nilikula mimi.

Fundi alikuna kichwa. Ukuta ule ulikuwa fahari yake, na wageni wote aliwapeleka kwenye ngao kwanza. Kisha akapanda kigogo, akaishusha, akaipangusa kwa mkono wa shati lake. Akaniomba, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mbaya, niandike karatasi nyingine ya kubaki pale kwenye msumari mtupu. Niliandika alivyotaka: Hapa palikuwa na kawa ya mama mmoja. Ameihitaji.

Tangu siku hiyo sahani ya mjomba ilifunikwa kwa kawa ile, nami sikuigusa tena. Subira huvuta heri, haboba alisema kila jioni. Vita vikaja vyenyewe mpaka kwetu, kabla ya mjomba. Asubuhi ya kukimbilia mpakani, majirani wakiwa wamekwisha kutangulia, nilimkuta haboba amepiga magoti jikoni, anamwaga kisra, chapati yetu ya maji, kwenye chuma cha moto, nyembamba kama alivyoipenda mwanawe. Nilimkaripia. Nilimwambia angalau tubebe kawa.

"Na yeye akifika," aliniuliza, "akute chakula iko wazi?"

Akaifunika sahani. Tukatoka, na mlango hakuufunga.