Mama Milimita, mchora alama anayemwonea wivu mdogo wake

Kabla hakujapambazuka, ndani ya chumba chenye giza, kunasikika kitu kidogo: tik. Kimya. Tik, tik.

Si saa ya ukutani. Ni kipanya cha kompyuta, kimewekwa juu ya taulo lililokunjwa ili kisipige kelele mezani. Nyuma ya pazia analala binti wa miaka mitano, mguu mmoja nje ya shuka.

"Nikimwamsha, kazi yangu imeishia hapo," ananong'ona mama yake, macho hayabanduki kwenye kioo.

Katika karakana ya mabango anakofanya kazi, wenzake wamembatiza Mama Milimita. Kazi yake ni kuchora zile alama ambazo watu huzitii bila hata kuziangalia: mshale wa kutokea, ngazi, bomba la maji, mwanamume na mwanamke kwenye milango ya vyoo. Huzichora kwa programu isiyohifadhi picha bali vipimo, kwa hiyo alama ikitoka kwenye simu ikapelekwa ukuta wa ghorofa, kingo zake hubaki kali vilevile.

"Watu wanadhani ni kubofya tu," anasema. "Haya, chora mraba na duara vyenye kimo kimoja, viweke pamoja. Duara litaonekana dogo. Macho yanadanganya. Sasa hilo duara unaliongeza kidogo, na hicho kidogo ndicho kazi yenyewe."

Yeye hicho kidogo hukipigia hesabu. Mdogo wake hukiona tu. Hapo ndipo roho inapomchoma.

Mdogo wake huyo, wa tumbo moja, alifundishwa na yeye. Mama Milimita alikuwa akitoka masomo ya jioni, anakula haraka, kisha anafungua laptopu yenye kitufe kilichong'oka na kumrudishia mdogo wake kila alichosikia darasani. Leo mwanafunzi yuko kwenye kiwanda kikubwa cha uchapaji, ana vioo viwili mezani, na alama zake ziko stendi, ziko kwenye duka la dawa, ziko hadi mlango wa benki. Dada mtu hawezi kwenda kununua mkate bila kuelekezwa njia na mshale wa mdogo wake.

"Ule mshale naujua. Ncha yake ina upole fulani," anasema, na neno upole linamtoka kama jiwe. "Nimeshasimama chini yake na rula, watu wananiangalia. Nilitaka nipate kosa. Sikupata."

Hampendi mdogo wake? Anacheka kidogo, anafuta kioo kwa ukingo wa blauzi.

"Nampenda sana. Akiumwa, nakimbia. Akisifiwa, naumwa mimi."

Mumewe, fundi bomba, ameshazoea. "Mimi nimeoa rula," anasema, akitafuta soksi ya pili chini ya kitanda. "Sahani akishazipanga kabatini, anaondoka, anarudi, anasogeza moja. Na ukitaka maharage yaungue, mtaje shemeji wakati yako jikoni."

"Hayakuungua," mkewe anajibu bila kugeuka.

"Yalishika chini."

"Kushika si kuungua, baba."

Safari hii wivu umepata uwanja. Hospitali moja inafungua jengo jipya, na alama zote za milango na korido atachora mtu mmoja. Walioomba wamechujwa hadi wamebaki wawili: Mama Milimita na mdogo wake. Kila mmoja ametakiwa kupeleka alama moja ya majaribio, ya kliniki ya mama na mtoto. Ijumaa zitabandikwa ukutani, na mkuu wa wauguzi atawauliza watu walioko foleni, hasa wasiojua kusoma, hapa ni wapi. Itakayoeleweka upesi ndiyo itakayombeba mchoraji wake.

"Sitaki nionewe huruma, eti kwa kuwa mimi ndiye mkubwa," anasema. "Nataka nimshinde, tena kwa mkono wangu. Nikimuiga nikashinda, hapo atakuwa ameshinda yeye."

Jumapili mdogo wake alikuja kumsalimia, akatoa simu. "Dada, hebu niambie ukweli, usinionee haya." Alikuwa amekuja na alama yake, kama alivyokuwa akimletea daftari zamani.

Mama Milimita akaitazama. Mama na mtoto, mistari michache, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

"Nikamwambia, imekaa sawa. Tu. Imekaa sawa," anasimulia. "Nikaenda kupika chai, nikasahau sukari. Akainywa hivyohivyo, akaimaliza. Hata hilo likaniudhi."

Binti yake naye aliing'ang'ania ile simu ya mama mdogo wake, akawa anapitisha kidole juu ya mchoro, hadi aliponyang'anywa akalia. Tangu siku hiyo usingizi wa alfajiri umemkimbia mama mtu.

Alama yake mwenyewe iko mbele yake. Duara kubwa ni kichwa cha mama, duara dogo ni kichwa cha mtoto, miili yao ina pembe zilizoviringwa. Kati ya mkono wa mama na bega la mtoto ameacha nafasi nyembamba, sawa kabisa na unene wa mkono. Ni kanuni aliyofundishwa: maumbo yasipoachiwa hewa, kwa mbali hugeuka bonge moja.

Dirisha linaanza kuwa jeupe. Pazia linasogea, na binti anatoka akivuta shuka nyuma yake.

"Mama, huyu nani?"

"Ni mama."

"Na huyu?"

"Mtoto wake."

Binti anaegemea meza, anatafakari. "Mbona hajamshika?"

"Hiyo ni nafasi, mwanangu. Ukisimama mbali bila hiyo nafasi, huoni kama wako wawili."

"Lakini mimi sijasimama mbali."

Mama Milimita anamtazama mtoto, anakitazama kioo. Kisha anakamata vidoti vinavyoshikilia mstari wa mkono na kuvivuta. Mkono unavuka ile nafasi, unapita nyuma ya bega la mtoto, unatua. Anaukunja kidogo. Anaukunja tena. Anaiamuru programu iunganishe. Anaipunguza alama hadi ikawa kama ukucha: bado wanaonekana wawili. Anaikuza hadi ikajaa kioo, na inasimama vizuri.

"Sijaandika namba hata moja," anasema, kama mtu aliyejikuta amevuka barabara bila kuangalia magari. "Nimeangalia tu."

Mumewe anapita nyuma yake na mfuko wa spana, anasimama. "Aa. Hiyo hata mimi ningejua mlango gani wa kumpeleka mtoto."

Mkewe anatabasamu, mara ya kwanza tangu kupambazuke. Anasema akiipata kazi hiyo ataomba meza yake mwenyewe karakana, karibu na dirisha, na ataanza kuwafundisha kina mama wengine jioni. Lakini kwanza kabisa, siku jengo litakapofunguliwa, atamshika binti yake mkono na kupita naye mlango baada ya mlango.

"Nataka ajue tu," anasema. "Apite pale aseme, hii ni ya mama yangu. Siyo ya mtu mwingine yeyote. Yangu."

Anambeba binti, anamkalisha mapajani mbele ya kioo. "Haya, niambie. Sasa unaionaje?"

Mtoto anasogeza uso hadi pua inakaribia kugusa mchoro, anapitisha kidole taratibu juu ya ule mkono.

"Sasa imekuwa kama ya mama mdogo."